Kurambaza samoni na trauti Ziwa Michigan ukiwa na boti ndogo

Ndugu zangu mlioko Milwaukee, Racine, Kenosha, Chicago na ng'ambo kule Muskegon na Grand Rapids, hii naandika kwa ajili yenu. Watu wetu wengi huku, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, ni watu waliokulia pembeni ya maji, boti wanaijua na ndoano wanaijua, alafu wanakaa karibu na Ziwa Michigan miaka na miaka samaki wananunua wa friza wakati nje tu ya bandari kuna samoni wa kilo saba, nane, kumi anapita. Sio uvivu. Ni kwamba hili ziwa lina kilomita za mraba kama 58,000 na kina chake kinafika mita 281, na samaki unayemtaka hatulii sehemu moja, leo yuko hapa kesho kasogea kilomita kumi, kwahiyo ukitia nanga ukashusha ndoano na kusubiri, utasubiri mpaka jua lizame. Njia yake ni kurambaza, boti inatembea taratibu inaburuza mishipi kadhaa nyuma kwenye vina tofauti, namna ile ile watu wa pwani wanavyowatafuta nguru na jodari, ila huku samaki mara nyingi yuko chini mita 15, 20, 30, na kazi yote iko kwenye kukifikisha chambo pale na kukibakiza pale.

Ukitaka kuelewa samoni wa hapa anaishije, anzia kwenye chakula chake. Samoni sio mwenyeji wa Ziwa Michigan, mwenyeji ni trauti wa ziwa, yule wa kijivu mwenye madoadoa meupe. Miaka ya 1930 aliingia lamprei, kiumbe chenye umbo la mkunga kinachojibandika kwenye samaki na kumnyonya damu, alipita mfereji wa Welland unaozunguka maporomoko ya Niagara, na pamoja na uvuvi wa kupita kiasi trauti wa ziwa akamalizika kabisa. Alipomalizika yeye hakukuwa na wa kumla alewaifu, kisamaki kidogo cha fedha ambacho nacho kilikuja toka baharini kwa njia hiyo hiyo, kikazaana mpaka mwaka 1967 kilikufa kwa wingi na kujaa kwenye fukwe marundo kwa marundo. Mwaka mmoja kabla, 1966, jimbo la Michigan chini ya mkuu wake wa uvuvi Howard Tanner lilikuwa tayari limeshamwaga vifaranga vya samoni wa koho toka pwani ya Pasifiki, na 1967 wakafuata wa Chinook, ambao huku kila mtu anawaita kingi. Walikula alewaifu wakanenepa haraka ajabu. Mpaka leo kingi wa Ziwa Michigan maisha yake ni alewaifu, na alewaifu ni ukoo mmoja na dagaa wa Kigoma, ndagala wenyewe. Aliyevua Tanganyika anajua mgebuka anavyolifuata kundi la ndagala popote linapokwenda, basi kingi naye ni hivo hivo. Usitafute samoni, tafuta alewaifu walioko kwenye maji yenye joto analolipenda samoni.

Na hapo kwenye joto ndo penye utamu wote, naomba mnivumilie nikae hapo kidogo.

Vifaa vya huku vinasoma Farenhaiti na futi kwahiyo nitatumia hizo hizo. Kingi anapenda maji ya nyuzi 44 hadi 54, yaani kama 7 hadi 12 za Selsiasi. Koho anakaa humo humo au juu yake kidogo. Trauti wa upinde, yule wa ziwani anayeitwa stilihedi, anataka 55 hadi 60. Trauti wa kahawia anavumilia joto zaidi, mpaka 65 utampata. Trauti wa ziwa yeye ni mtu wa baridi, 45 hadi 50 na mara nyingi amelalia chini kabisa. Sasa kiangazi kuanzia kama mwishoni mwa Juni ziwa linajigawa matabaka, juu maji ya moto ya kuogelea nyuzi 68 au 70, chini maji ya baridi, na katikati kuna ukanda mwembamba ambapo joto linaporomoka ghafla ndani ya futi chache tu. Ukanda huo ndo themoklaini. Samaki wengi unaowataka wako kwenye huo ukanda au chini yake kidogo, manake juu kuna joto wasilolitaka na chakula kinajikusanya hapo. Kwahiyo swali la kwanza asubuhi kabla hujafungua hata boksi la chambo ni themoklaini leo iko futi ngapi.

Kuipata kuna njia kadhaa. Wenye pesa wana kipima kinachofungwa juu ya tufe la daunriga (winchi ya kushushia chambo chini, naieleza mbele), kinakuletea joto na mwendo wa kule chini moja kwa moja kwenye skrini, na kama utaamua kuvua miaka na miaka hicho ni kifaa cha kwanza cha kununua baada ya usalama, kabla ya fimbo za bei mbaya. Asiyenacho anafunga kipimajoto kidogo cha kurekodi kwenye kamba anakishusha, anakiacha dakika chache, anakivuta anasoma. Na sona ya kawaida, kile kifaa kinachoonyesha vilivyoko chini ya boti, ukiiongezea nguvu ya kusoma, themoklaini inaonekana, ni mstari wa ukungu unaokatiza skrini kwenye kina kile kile hata sehemu ambayo chini kuna futi 150, na alewaifu wanaonekana mawingu mawingu kuuzunguka.

Alafu kuna upepo. Hili watu hawalifuatilii na ndo linaamua kama utaenda kilomita 2 au kilomita 15. Upande wa Wisconsin, upepo wa kusini au magharibi ukivuma siku mbili tatu mfululizo unayasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea Michigan, na ya baridi yanapanda toka chini kuja kujaza nafasi karibu na ufukwe. Siku hizo unaweza kuwapata kingi kwenye futi 40 za maji katikati ya Julai, karibu kabisa na nyumbani. Upepo ukigeuka mashariki au kaskazini mashariki mambo yanapinduka, maji ya moto yanarundikana ufukweni, themoklaini inasukumwa chini, na utalazimika kwenda mbali na kina. Kwahiyo usiangalie tu upepo wa leo, angalia ulivyovuma juzi na jana. NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, wanatoa ramani za joto la maji ya juu ya haya maziwa bure, ukiziangalia kila siku hata siku usizoenda utaanza kuliona ziwa linavyopumua.

Majira nayapitisha haraka. Aprili na Mei upande wa kusini, Kenosha, Racine na fukwe za Illinois, ni koho wadogo wadogo karibu na uso wa maji, na trauti wa kahawia wako bandarini na kwenye futi 5 hadi 20 wanatafuta maji yaliyopata joto kidogo. Huu ndo msimu mzuri wa mtu mwenye boti ndogo na pesa kidogo kwa sababu huhitaji kwenda chini. Juni ni mchanganyiko, stilihedi wanakuwa mbali juu juu. Julai na Agosti kingi. Mwisho wa Agosti hadi Septemba kingi waliokomaa, wengi wana miaka mitatu au minne, wanasogea kwenye midomo ya mito na bandari kujiandaa kutaga alafu wanakufa, hapo unawavua alfajiri na usiku kwenye futi 20 hadi 60, hawana njaa tena ila wana hasira, watagonga kitu kinachowakera.

Sasa vyombo. Boti ya futi 18 hadi 20 yenye injini nzima na kingo za kutosha inatosha siku ya utulivu, na injini ndogo ya pili ya farasi 6 au 10 itakusaidia sana manake injini kubwa nyingi haziwezi kutembea taratibu vya kutosha, na siku ile injini kubwa ikizima hiyo ndo inakurudisha. Wisconsin na Michigan zote zinaruhusu mishipi mitatu kwa kila mtu, kwahiyo mkiwa wawili mna sita, na nawashauri mtu mgeni aanze na minne tu. Mishipi minne inayokwenda sawa inavua kuliko sita iliyojisokota.

Kifaa kikuu ni daunriga. Ni winchi ndogo imefungwa ukingoni mwa boti, ina kebo na mwisho wa kebo kuna tufe la risasi la ratili 10 au 12. Mshipi wako unaubana kwenye klipu iliyoko juu ya tufe, unashusha tufe mpaka kina unachotaka kwa kuangalia kaunta inayohesabu futi zilizotoka, samaki akigonga mshipi unachomoka kwenye klipu na unapigana nae bila uzito wowote. Kabla ya kushusha, toa chambo nyuma ya boti kwanza, kama ni flasha na flai (aina za chambo nazieleza chini) futi 10 hadi 30 zinatosha, kama ni spuni kwenye maji ya juu yaliyotulia nenda futi 50 hadi 100 ili kiwe mbali na kelele za boti. Ukishafika kina, weka fimbo kwenye kishikio alafu zungusha rili mpaka fimbo ipinde sana, ipinde kweli kweli, maana mshipi ukichomoka ni ule mnyooko wa fimbo unaokula mshipi uliolegea na kumbana samaki, fimbo ikiwa imelegea utapoteza wengi. Na usiiamini kaunta asilimia mia, tufe likiwa futi 100 chini na boti inatembea, kebo inalala nyuma, kwahiyo chambo kiko juu kuliko kaunta inavyosema, ndo maana tufe zito ni bora kwa vina virefu.

Asiye na daunriga asikate tamaa, kuna dipsi. Ni sahani ya plastiki ya duara yenye uzito ndani, unaifunga kwenye mshipi wenyewe, ikivutwa inapiga mbizi, na chini yake kuna pete ya kuzungusha yenye namba 0 hadi 3 upande wa kushoto na wa kulia. Namba 0 inashuka moja kwa moja nyuma ya boti, namba 3 inakwenda pembeni zaidi na inashuka kidogo, ndo inavyokusaidia kutenganisha mishipi. Kwenye namba ndogo hesabu ya kuanzia ni kwamba inashuka kama nusu ya mshipi ulioutoa au pungufu kidogo, kwenye 3 ni kama theluthi, alafu unarekebisha kadiri ya unene wa mshipi na mwendo wako. Tumia fimbo ndefu ya futi 9 au 10 iliyo laini na mshipi wa kusuka, na kwa kuwa mshipi wa kusuka hauvutiki hata kidogo weka kipande cha mpira wa kupunguza mshtuko mbele ya chambo, kingi mkubwa akigonga dipsi anagonga kweli. Lazima rili iwe na kaunta ya mshipi. Bila kaunta hutaweza kurudia kina kilichokupa samaki, na kurudia ndo uvuvi wenyewe.

Wa tatu ni mshipi wenye risasi ndani, ledikoo, umepakwa rangi tofauti kila yadi 10, kila rangi inashuka kama futi 5 kwenye mwendo wa kawaida, kwahiyo rangi tano ni futi 25 hivi. Huu unaupeleka pembeni mbali na boti kwa kibao kinachoelea, planabodi, na ni mzuri sana kwa stilihedi na kwa samaki wanaoogopa boti kupita juu yao. Kwa April na Mei planabodi na mshipi wa kawaida na chambo kidogo ndo silaha yako yote.

Kuna kero moja ya Julai na Agosti nawaambia mapema msije mkashangaa, kuna vidudu vidogo vyenye mkia mrefu wa miba vinavyoelea majini, vinajishika kwenye mshipi mpaka vinafanya bonge linalokwama kwenye kichwa cha fimbo na huwezi kuzungusha tena. Mshipi mwembamba unavikusanya zaidi, ule mnene wa nailoni wa ratili 30 unavikusanya kidogo. Kila mara ukirudisha mshipi ufute.

Chambo. Spuni ni bati lililopinda lenye kumeta, linatikisika linaiga alewaifu mgonjwa, na saizi ndo muhimu kuliko rangi, iendane na alewaifu walioko mwaka huo, ukimpasua samaki wa kwanza angalia tumboni kuna wa ukubwa gani. Flasha ni ubao wa plastiki wa inchi 8 hadi 11 unaozunguka na kumulika, nyuma yake unafunga flai ya nyuzi zinazometa. Urefu wa mshipi kati ya flasha na flai unaamua kila kitu, kwa flasha ya inchi 8 anza na inchi 20 hadi 24, kwa ile kubwa ya 11 nenda 26 hadi 30. Ukifupisha flai inatapatapa zaidi, ukirefusha inatulia. Wakiwa wanafuata hawagongi, badilisha urefu huo kabla hujabadilisha rangi. Wengine wanaweka kipande cha heringi badala ya flai na kingi wakubwa wanakipenda sana, ila kinataka uangalizi kila mara na kwa anayeanza naona kiache kwanza. Kwa koho wa Aprili ni doja, kibati kinachoyumba mbele ya chambo, iwe ndogo ya rangi ya chungwa au nyekundu na kiflai kidogo nyuma yake, hapo hata usihangaike na kingine.

Rangi nazo, nyekundu inapotea mapema ukienda chini, kijani na bluu zinafika mbali, kwahiyo juu kwa stilihedi chungwa na nyekundu, chini kijani, bluu, nyeupe. Alfajiri kabla jua halijatoka weka vile vinavyong'aa gizani, uvimulike kwa tochi kwanza, na uendelee kuvimulika kila ukivitoa.

Mwendo. Anzia maili 2.4 kwa saa na cheza kati ya 2.0 na 2.8. Spuni zinavumilia mwendo zaidi, flasha zinataka taratibu kidogo, trauti wa ziwa anataka chini ya 2 na karibu na mchanga. Lakini kuna jambo ambalo linawachanganya hata wazoefu, mwendo wa GPS ni wa boti juu ya ardhi, sio wa chambo kwenye maji. Ziwa lina mikondo chini, na mkondo wa chini unaweza kwenda kinyume kabisa na mawimbi ya juu. Ukielekea kusini GPS inasema 2.5 na chambo kinakwenda 1.8, ukigeuka kaskazini GPS ile ile 2.5 chambo kinakwenda 3.2. Ndo maana siku nyingine wanagonga ukielekea upande mmoja tu. Huna kipima cha chini? Angalia kebo ya daunriga ilivyolala, ukikumbuka mlalo wake wakati samaki alipogonga, jaribu kuurudisha mlalo ule ule kila upande unaoelekea, sahau namba ya GPS.

Asubuhi yenyewe inakwenda hivi. Toka kabla ya jua, saa kumi na moja alfajiri uwe umeshavuka mdomo wa bandari manake saa mbili za kwanza za mwanga ndo za kingi. Nenda mpaka kina ambapo themoklaini inakaribia kugusa chini ya ziwa, kwa mfano kama iko futi 60 anzia kwenye maji ya futi 70 au 80, hapo baridi, mchanga na alewaifu vinakutana. Shusha za pembeni kwanza alafu za katikati, ili usilazimike kupitisha mshipi juu ya mwingine. Daunriga moja weka pale themoklaini ilipo, nyingine futi 15 au 20 chini yake, dipsi moja juu kidogo ya themoklaini na nyingine ndani yake. Yaani unatandaza vina kwa makusudi ili samaki mwenyewe akwambie yuko wapi. Usiende mstari ulionyooka kwa muda mrefu, pinda pinda taratibu, unapopinda mishipi ya ndani inapunguza mwendo na kuzama, ya nje inaongeza mwendo na kupanda, na ikigonga ya nje ujue wanataka haraka, ikigonga ya ndani wanataka taratibu au chini zaidi. Hiyo ni taarifa ya bure kila kona.

Samaki akigonga, kabla ya furaha zote bonyeza alama kwenye GPS, na kumbuka mambo matatu, kina, mwendo, uelekeo. Alafu sogeza mshipi mmoja tu mwingine kwenye kina hicho, sio yote. Akigonga na huo, haya, sogeza wa tatu. Ukibadilisha kila kitu kwa pamoja hutajua kilichofanya kazi ni nini. Dakika 30 bila kitu na sona haionyeshi alewaifu, hama, nenda kina zaidi, jua likipanda samaki wanatoka nje na kushuka.

Stilihedi wa Juni ana namna yake, unatoka mbali kwenye maji ya futi 200 au 300 na unatafuta mistari juu ya maji, sehemu takataka, povu na wadudu wamejikusanya kwenye mpaka wa maji ya moto na ya baridi. Tembea kwenye huo mpaka, chambo kiwe futi 5 hadi 30 tu. Akigonga anaruka hewani mara tatu nne, ni samaki mzuri sana yule.

Kupigana na kingi, usisimamishe boti. Punguza mwendo kidogo tu, ukisimama mishipi mingine yote inazama na kujisokota na samaki anapata ulegevu wa kutema. Breki ya rili iwe laini, akitaka kukimbia mwache akimbie, hata mita 100, mshipi uwe na mkazo tu. Usiunyanyue na kuushusha ovyo, vuta taratibu, zungusha unaposhuka. Mwenye neti akae kimya nyuma, neti isiguse maji mpaka kichwa cha samaki kiko juu ya maji na kinakuja, alafu mvuaji anarudi hatua nyuma na kumwongoza samaki aingie kichwa kwanza. Kumkimbiza samaki na neti kwa nyuma ndo kunapoteza wakubwa. Na wakubwa wapo, mwaka 2021 huko Ludington alitolewa kingi wa ratili 47.86, kilo 21 na ushee, ndo rekodi ya jimbo la Michigan.

Akishaingia, mkate matamvua damu itoke, barafu moja kwa moja. Mkishapata wa kuwatosha acheni kuvua, hasa Agosti, samaki aliyetolewa kwenye maji ya nyuzi 48 akachoka na kupitishwa kwenye maji ya 70 mara nyingi haponi hata ukimwachia, kwahiyo kuvua na kuachia kingi wa kiangazi sio huruma.

Usalama naomba msiuruke. Hili ziwa linaua kila mwaka, na linaua watu wanaojua kuogelea, kwa sababu Mei maji bado ni nyuzi 40 na kitu, ukianguka pumzi inakukatika na mikono inaacha kufanya kazi ndani ya dakika chache. Laifu jaketi ivaliwe, sio ikaliwe, na Wisconsin na Illinois mtoto wa chini ya miaka 13 aliyeko nje kwenye boti ndogo ni sheria aivae muda wote boti inapotembea. Soma utabiri wa NOAA wa mawimbi ya karibu na pwani, kwa boti ya futi 18 ukisema futi 2 hadi 4 baki nyumbani. Na upepo wa magharibi upande wa Wisconsin unadanganya, bandarini maji yametulia kabisa kwa sababu unatoka nchi kavu, ukifika maili nane nje mawimbi yameshajijenga na kurudi ni kupigana nayo usoni njia nzima. Redio ya VHF chaneli 16, simu pekee haitoshi. Ukungu wa Mei na Juni unaingia ghafla, uwe na GPS na honi.

Leseni. Wisconsin mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya uvuvi pamoja na stempu ya samoni na trauti wa Maziwa Makuu, hizo ni vitu viwili. Anayetaka kujaribu tu kuna leseni ya siku mbili ya Maziwa Makuu ambayo stempu imo humo humo. Idadi kwa siku ni samaki watano wa samoni na trauti kwa jumla, na kwa trauti wa ziwa kuna masharti yake, soma kijitabu cha DNR, idara ya maliasili ya jimbo, cha mwaka husika maana yanabadilika. Na kabla ya kununua chochote, jichangeni watu wanne au sita mkodi boti ya chata asubuhi moja, boti nyingi za kawaida zinabeba abiria sita, mwambieni nahodha mnataka kujifunza, muulizeni kwanini kaweka kile pale, wengi wanafurahi kufundisha.

Mwisho ni kula, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu sisi tunapenda kichwa, ngozi na tumbo lenye mafuta. Samaki wakubwa wa Ziwa Michigan wana PCB, kemikali za viwanda vya zamani, na zinakaa kwenye mafuta. Kupika haziishi. Toa ngozi, kata mafuta ya tumboni, ya mgongoni na ile nyama nyeusi ya ubavuni, alafu choma kwenye waya mafuta yadondoke, usiyatumie kwa mchuzi. Samaki wadogo wana kidogo kuliko wakubwa, koho wa Aprili na stilihedi mdogo ni bora zaidi kwa mezani kuliko kingi mzee wa Septemba ambaye nyama yake imeshapauka. Wamama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wana viwango vyao vya chini zaidi, vimeandikwa kwa kila aina ya samaki na kila saizi kwenye mwongozo wa jimbo, uchapisheni mbandike kwenye friji. Kile kichwa cha kingi kikubwa msimpe bibi supu.